Gari la Kale Haliji na Meli

Asalaam alaikum, na hamjambo nyote. Kabla ya lolote, mwenye Probox nyeupe iliyoziba lango namuomba aisogeze kidogo. Nyuma yake pana gari la miaka hamsini na kitu, rivasi yake ina mambo yake, na sitaki kuijaribu mbele ya watu.

Nimeitwa hapa Tononoka, Mombasa, niwaeleze namna ya kutafuta na kuagiza gari la spoti la kale kutoka Japani. Kijana aliyenialika alinipigia simu akaniambia, "Mzee, wewe umeishi bandarini, tupe siri." Siri nawapa sasa hivi, na anayetaka kwenda zake baada ya hapo aende na amani. Hamuwezi kuliagiza.

Naona nyuso zimebadilika. Ngojeni kwanza.

Kuna kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinachoitwa KS 1515, cha mwaka 2000. Kinasema gari lililotumika likija Kenya lisizidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Kila Januari mwaka mmoja unakatwa. Mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari la 2018, na Januari ikiingia hesabu inasogea mbele tena. Kiwango hicho hakiulizi kama gari ni zuri, kama limetunzwa kwenye banda lenye zulia, wala kama mwenyewe alikuwa akililaza kwa blanketi. Kinauliza mwaka tu. Na mwaka hausomwi hapa bandari ya Kilindini, husomwa kule kule Japani, kwenye ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini. Likikosa cheti cha ukaguzi na likapakiwa hivyo hivyo, likifika hapa ni balaa jingine: utaambiwa ulirudishe lilikotoka au livunjwe, na gharama zote juu yako.

Kwa hiyo Nissan Fairlady ya 1972, Nissan Skyline ya 1990, Toyota Trueno ya 1985, zote hizo kwenye simu zenu ni picha. Mtazitazama, mtazipenda, lakini melini hazipandi kuja kwetu.

Basi kwa nini nimekuja? Nimekuja kwa sababu mimi niliyajua yote haya nikiwa nimelala, nikayafanya kazi miaka ishirini na mitatu, na bado nikatapeliwa. Mganga hajigangi. Na nimekuja kwa sababu nje pale pana gari, na hilo gari halikuja juzi.

Mapenzi haya yaliniingia kwa sikio. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Majengo, na ami yangu alikuwa na redio ya betri iliyowekwa juu ya kabati ili watoto tusiifikie. Pasaka ya zamani ilikuwa Pasaka ya Safari Rally, mbio za magari. Sisi Waislamu hatukuwa na Pasaka, lakini Rally ilikuwa yetu sote. Sauti ya Kenya ikitangaza, mtaa mzima unanyamaza. Mwaka huo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa kwenye Datsun 240Z akiwa na Lofty Drews. Mwisho wa mbio yeye na Harry Källström wa Sweden wakalingana pointi za adhabu, na Källström naye alikuwa kwenye Datsun, ya 180B. Ami aligonga kabati kwa ngumi. Ushindi ukapewa Mehta. Miaka miwili nyuma, 1971, gari la aina hiyo hiyo, 240Z, lilikuwa limeshinda mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na Mehta akaja wa pili kwa nyingine kama hiyo. Ile ya Herrmann ipo mpaka leo. Nissan, wenye jina la Datsun, wameihifadhi kwao, na mwaka 2013 waliifanyia matengenezo ikanguruma tena.

Mehta baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini kwa Datsun za aina nyingine. Mimi nilibaki kwenye ile Z. Kwa mtoto ambaye Datsun aliyoijua ni 1200 ya mwalimu, kusikia kuna Datsun inayoshinda Rally ilikuwa kama kuambiwa mwalimu ana kaka yake mwenye misuli. Na ukiipima, hesabu inakwenda hivyo kweli: 1200 injini yake ni lita 1.2, 240Z ni lita 2.4. Mara mbili kamili, na silinda 6 kwenye mstari mmoja.

Gari lenyewe lilitolewa Japani mwaka 1969. Kule kwao likaitwa Fairlady Z. Marekani, Yutaka Katayama, aliyekuwa akisimamia mauzo ya Datsun huko, akaona jina la bibi halimfai mtu anayetaka kukimbia, likauzwa kama 240Z. Nyingi zilikwenda Marekani. Hili la Marekani lishikeni, litawagharimu baadaye kama lilivyonigharimu mimi.

Sasa mwaka 2011. Kazi yangu ilikuwa kukomboa magari bandarini. Vitz, Probox, Wish, Noah, nimezitoa mpaka naziota. Usiku nikifika nyumbani, badala ya kupumzika, nafungua kompyuta naangalia minada ya Japani, kama mtu aliyeshinda soko la samaki akarudi nyumbani kutazama picha za samaki. Nikaiona Z. Rangi ya chungwa, Showa 47.

Niwaeleze hiyo Showa, maana hata kwa Vitz itawafaa. Karatasi ya Kijapani mara nyingi haikuandikii mwaka kama tunavyoujua. Inahesabu kwa enzi ya mfalme wao. Ukiona Showa, chukua namba ujumlishe na 1925: Showa 47 ni 1972. Ukiona Heisei, jumlisha na 1988. Reiwa, jumlisha na 2018. Wako watu wameuziwa gari la Heisei 29 wakaambiwa ni la 2019, wakaja kukuta ni 2017, na kwa sheria yetu miaka miwili hiyo ni kufa na kupona.

Jambo la pili, gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 mnayoizoea. Lina namba fupi ya fremu: herufi za aina, kistari, halafu namba. Na kwenye Z, hizo herufi za mwanzo ndizo zenye siri. S30 peke yake ni ya lita 2 waliyokuwa wakijiuzia wenyewe Wajapani. HS30 ni lita 2.4 usukani kulia. HLS30 ni lita 2.4 usukani kushoto, ndiyo ya Marekani. Na ukikuta PS30, piga magoti, hiyo ni Z432: vali 4 kila silinda, kabureta 3, kemshafti 2. Zilitengenezwa mia nne na kitu tu. Sijaiona kwa macho. Mtu akija kukuuzia ya kwake Bamburi kwa bei ya kutupa, mtazame machoni, halafu itazame namba.

Namba ipo wapi? Imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Si kibati tu kilichopigwa ribiti, maana kibati huhamishwa na bisibisi. Ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe ndiyo unayoifuta vumbi ukaisoma, ukaipiga picha, ukailinganisha na hati.

Na karatasi ya mnada. Hii tunaisoma sisi watu wa bandarini kama Yasini. Ile michoro ya gari lililobandukwa kama ngozi ya mbuzi ina herufi pembeni: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyotengenezwa ikabaki na mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, X ni kipande kinachotaka kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba ya baada ya herufi ni ukubwa wa shida. Gari langu la chungwa lilikuwa na W nyingi na S mbili. S mbili tu! Gari la miaka 39! Nikasema hili ni la peponi.

Hapo akatokea bwana mmoja wa mjini, jina nalihifadhi, akaniambia gari la kale lina mlango wake. Linaingizwa kama kumbukumbu, kama kitu cha makumbusho. "Nina mtu," akasema. Wallahi, mimi niliyekuwa nikiwaambia wateja wangu kila siku kwamba ukisikia "nina mtu" shika mfuko wako, nikamkabidhi shilingi laki moja na arobaini za kuanzia. Taslimu. Bila risiti. Mali bila daftari huisha bila habari, na yangu iliisha hivyo hivyo. Mtu wake hakuwahi kuonekana, na gari likanunuliwa na mwingine likaenda zake Australia. Nililiona limeandikwa limeuzwa, nikafunga kompyuta, nikamwambia mke wangu mtandao umekatika.

Kuna kijana hapo mbele ameinua mkono tangu zamani. Najua swali lako, mwanangu. Unataka kuniuliza: mbona zile za mashindano ya magari ya kale zinaingia? Kweli. East African Safari Classic ilianza 2003, na mara kadhaa imeanzia au kuishia huku kwetu pwani, ukaziona Z na Escort na Porsche 911 zimepangwa mbele ya hoteli. Za wageni huingia kwa muda. Zina karneti, ambayo ni dhamana kwamba gari litatoka tena. Likibaki, mwenye dhamana analipa. Ni wageni kama watalii, wana viza. Hawapewi kitambulisho. Wale wanaokwambia "iingize kwa karneti halafu isahau" ni wale wale wa "nina mtu".

Na Tanzania? Kule hawana mstari wetu wa miaka 8, wanalitoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake, na ndiyo maana Dar unaona magari ambayo hapa hayaonekani. Lakini kulisajili huku ni sheria ya huku. Tusipoteze muda.

Sasa tuje kwenye gari la nje.

Baada ya ile aibu nilikaa miaka mitatu sitaki kusikia. Halafu siku moja nimekwenda maziko Tudor. Baada ya dua, watu wamekaa kwenye majamvi, na mimi nimekwenda uani kutafuta maji ya kutawadha. Chini ya mwembe pana kitu kimefunikwa turubai la lori. Kuku wameketi juu. Turubai limeraruka pembeni, na pale paliporaruka nikaona taa ya mbele iliyozama ndani ya bawa kama jicho ndani ya kibakuli. Jicho lile nilikuwa nimelitazama kwenye kompyuta mpaka usiku wa manane. Nilisahau kutawadha.

Marehemu mume wa bibi mwenye nyumba hiyo alilinunua hapa hapa nchini, miaka ile ya sabini, wakati magari haya yalipokuwa mapya na Rally imeyapa jina. Yaani nilitoa fedha nisafirishiwe kutoka Japani kitu kilichokuwa dakika kumi kutoka kwangu. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vijana. Magari haya yaliuzwa Kenya. Si mengi, lakini yaliuzwa. Yapo Nakuru kwenye mashamba, yapo Nairobi kwenye magareji ya wazee wa Kihindi, yapo Voi, yapo Malindi. Utafiti wa gari la kale kwa mtu wa Mombasa ni kutembea, kuuliza, kukaa na wazee, kwenda maziko na harusi. Intaneti itakufundisha kulitambua, lakini kulipata ni kazi ya miguu.

Yule bibi hakutaka kuuza. Sikumlaumu. Nilimwamkia kila Ijumaa kwa miezi saba, wakati mwingine na halua, wakati mwingine mikono mitupu. Siku aliyokubali akaniambia, "Nakupa kwa sababu wewe unaliita kwa jina lake. Wengine waliokuja walikuwa wanaliita chuma."

Lakini logibuku ilikuwa na jina la marehemu, na marehemu hatii sahihi. Hapa wengi huchukua njia ya mkato: wanaandikiana karatasi mbele ya shahidi, wanachukua gari, basi. Miaka kumi baadaye anakuja mtoto wa mke mwingine kutoka Lamu anadai fungu lake, na fungu lake ni gurudumu la nyuma na nusu ya injini. Tulikwenda Mahakama ya Kadhi, mirathi ikafunguliwa, warithi wakatajwa wote, wakaridhia, ndipo tukaenda kubadilisha umiliki. Ilichukua karibu mwaka. Gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe zaidi ya miaka ishirini, mwaka mmoja haukuliua.

Kilichokuwa kikiliua ni kutu. Na hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo fedha zenu zitakapopotea au kuokoka.

Chuma cha Z ni chembamba. Gari liliundwa liwe jepesi, na wakati ule kinga ya kutu haikuwa kama ya leo. Ongeza pwani. Hewa ya Mombasa usiku ina chumvi, unaiona kwenye nondo za madirisha na kwenye vitasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gari hili karibu lote ni mvungu. Nilikwenda na vitu vitatu: tochi, sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kipande cha leso isikwaruze rangi, na bisibisi butu. Sumaku unaipitisha taratibu kwenye bodi. Pale inapong'ang'ania ni chuma. Pale inapoteleza kama imepakwa mafuta, hapo pana pati ya kuzibia mashimo, na chini ya pati huenda hapana kitu. Mbele ya gurudumu la nyuma, ile pembe ya chini ya mlango, sumaku yangu ilianguka chini kabisa. Nikaigonga kwa kidole, ikalia kama kigae.

Kisha chini ya betri. Tindikali hudondoka miaka nenda miaka rudi, inatoboa ile sinia ya betri, inashuka mpaka kwenye reli. Reli ni zile boriti mbili za chuma zinazokwenda chini ya sakafu, ndizo zinazolishika gari lisijikunje. Bisibisi niliisukuma kwa kidole gumba tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Halafu nyuma ya magurudumu ya mbele, ndani ya mabawa, ambako matope hukusanyika yakakaa na unyevu wake. Halafu ukingo wa mlango wa nyuma, chini ya raba.

Lakini lililonifundisha zaidi ni lile tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Maji ya mvua huingia pale na hutakiwa kutoka kwa mifereji midogo pembeni. Niliingiza vidole viwili nikavuta. Likatoka jani la mwembe. Nikavuta tena, majani mawili, matatu, mwishowe nikavuta tope jeusi la majani yaliyooza, miaka na miaka ya mwembe mmoja, na nyuma yake yakamwagika maji. Maji ya kahawia, yakamwagika ndani ya gari kwenye miguu ya abiria. Kulikuwa hakujanyesha wiki mbili. Gari lilikuwa limebeba bwawa. Sakafu ya upande ule niliweza kuitazama ardhi kupitia kwake, na kuku mmoja akanitazama kutoka upande wa pili.

Nililinunua hivyo hivyo. Injini ilikuwa salama na namba iliyogongwa ilianza na HS30. Mlango unachomelewa, sakafu inakatwa ikawekwa nyingine. Namba haitengenezwi.

Sasa ndiyo tunafika kwenye meli. Gari halivuki, lakini sanduku la vipuri vipya halina mwaka. Sheria ya miaka 8 ni ya gari, haimhusu mtu aliyeagiza raba ya mlango. Unalipa ushuru wake, unalipa VAT asilimia 16, unalipa ada zake, unachukua. Na kwa sababu Z nyingi ziliuzwa Marekani, huko kuna watu mpaka leo wanatengeneza sakafu mpya, reli, taa, gasketi, kila kitu. Ankara yako iandike kila kipande kwa jina lake na bei yake. Ukiandika "spea za gari" jumla jumla, afisa ana haki ya kufungua sanduku akahesabu mwenyewe, na wewe ukae nje kwenye jua ukihesabu siku za kuhifadhiwa mzigo.

Nami nikafanya kosa. Dashibodi yangu ilikuwa imepasuka nyufa kama udongo wa kiangazi. Nikaagiza mpya, nzuri, nyeusi, yenye mashimo yake yote matatu ya saa za katikati. Ikafika. Nikaibeba mpaka gareji Changamwe kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Fundi akaitazama, akalitazama gari, akaitazama tena, akasema, "Mzee, hii ni ya kioo." Sikumwelewa. Akaigeuza akaonesha: mahali pa usukani ni kushoto. Ilikuwa sahihi kabisa, kama gari langu lingekuwa ndani ya kioo. Ninayo bado, imetundikwa sebuleni, wageni hudhani ni sanaa. Kwa hiyo raba, vioo, mambo ya injini, agizeni Marekani bila wasiwasi. Kinachofuata usukani, yaani dashibodi, raki ya usukani, mashine ya waipa, tafuteni Uingereza au Australia, wenzetu wa kulia.

Na msiagize kila kitu. Injini za familia hii ya herufi L zilifungwa kwenye magari mengine tuliyokuwa nayo hapa, 280C ya saluni, Patrol za zamani. Baadhi ya vitu vinaingiliana, na vingine nimevipata kwenye mabati ya Shimanzi kwa bei ya chakula cha mchana.

Fundi yule wa Changamwe ana zaidi ya miaka sabini. Vijana wa gareji yake wana mashine ya kusomea makosa ya gari, wanaichomeka wanasubiri iwaambie. Z haina pa kuchomekea. Ina kabureta mbili, na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo silinda tatu zinafanya kazi na tatu zinapiga soga. Mzee alichukua kipande cha mpira wa maji, kama futi mbili, mwisho mmoja akauweka sikioni na mwingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akafumba macho. Akahamia ya pili. Akakaza skrubu robo mzunguko. Akarudi ya kwanza. Akanipa mimi mpira nisikilize: mlio kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nikasikiliza ya pili, mlio ule ule. "Sasa wanavuta pamoja," akasema. Kule Japani na Uingereza wana vipimo maalumu vya kazi hiyo. Yeye ana sikio.

Wenye haraka nina neno lenu, fupi. Toyota DX za zamani, zile za magurudumu ya nyuma kusukuma, bado zipo, bei yake binadamu anaiweza, na kila fundi anaijua. Anzieni hapo kabla ya kuota Trueno. Na mwenye fedha kidogo zaidi, angalia Mazda Roadster, ile MX-5 ya umbo lililotoka 2015, au Toyota GR86. Zikiwa ndani ya miaka 8 zinaingia kihalali mchana kweupe. Lete, lisajili kwa jina lako, litunze. Miaka thelathini ijayo wewe ndiye utakuwa yule mzee ambaye vijana wanamwamkia kila Ijumaa na halua.

Nimeambiwa muda umekwisha na chai iko tayari. Anayetaka kuliona gari aje na tochi ya simu. Boneti yake imebanwa mbele, hufunguka kutokea upande wa kioo, kwa hiyo msisimame mkasubiri ifunguke kama ya Vitz. Namba mtaiona kwenye ule ukuta, nimeiachia bila rangi makusudi. Bawa la kushoto msiliegemee, rangi imepigwa Jumanne na bado haijakomaa.

Na mwenye Probox, nakuona umekaa. Sogeza gari, bwana.